Kaye ya Fundi wa Birere

Kaye yenyewe ni ya shule tu, jalada limelowa mafuta ya cherehani hadi limekuwa jeusi. Mwenye kaye ni fundi mzee wa Birere, hapa Goma, na meza yake iko upande wa kuelekea mpaka wa Petite Barrière, kwa hiyo baadhi ya wateja wake huvuka kutoka Gisenyi asubuhi na kuharakia kurudi kabla mpaka haujafungwa. Wengine wakikaa pale kusubiri nguo hutazama mkasi unavyokwenda. Mimi hutazama kaye.

Mafundi wengi huandika komande kwa kufuata siku ilipoingia. Yeye huiandika kwenye siku ambayo nguo inatakiwa. Kila siku ya kutoa nguo ina ukurasa wake, hivyo gauni la matanga ya kesho, lililoletwa leo jioni, hutangulia suti ya harusi ya mwezi ujao hata kama mwenye suti alifika zamani na kulipa zamani. Kando ya kila jina kuna kipande cha kikwembe chenyewe, kidogo kama ukucha, kimebanwa kwa pini. Machi 8 ikikaribia, akina mama wa kikundi kimoja huleta kikwembe cha aina moja, na kurasa mbili tatu hujaa rangi hiyohiyo. Majina yanafanana, vipimo vinakaribiana, lakini fundi akitupa jicho tu anajua nguo zipi zikatwe kwa pamoja na ni ya nani iliyopotelea ukurasa usio wake. Septemba, kurasa zinakuwa buluu na nyeupe za sare za wanafunzi.

Nukta mbele ya jina maana yake nguo imekatwa. Mstari, imeshonwa. Msalaba, imepigwa pasi na inamngoja mwenyewe. Jina likizungushiwa duara, kuna kitu kinakosekana: vifungo havijafika kutoka Kampala, au avansi haijatolewa. Namba ya simu huiandika kwa hao wa duara peke yao, kwa kuwa ndio atakaohitaji kuwapigia. Kijana wake akiuliza, "Papa, tuanze na ipi?" jibu ni lile lile kila asubuhi: "Soma duara kwanza, mwanangu."

Nimeshika kazi za ofisi muda mrefu, na ninaamini kutunza orodha namna hii ni ufundi kamili, sawa na ule wa kukata kola. Huko Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alipanga kazi ya kiwanda kwa kadi ndogo zinazosema kipi kitengenezwe na lini, ili pasiwe na mtu anayerundika kitu kisichohitajika. Wazo hilo la kadi liliingia baadaye kwenye programu nyingi za kupanga kazi. Programu ya Jira ilitoka Sydney mwaka 2002, na Trello ikafuata 2011. Kwetu mwaka 2002 unakumbukwa kwa jambo jingine: Januari 17 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na waliopoteza maduka walipoteza pamoja nayo kila deni na kila komande iliyoandikwa ndani. Waliorudi kujenga juu ya mawe meusi walianza na kaye tupu.

Mjini kuna mashirika ya misaada, na watu wao wa logistiki hushuka Birere kutafuta proforma. Maombi yao hupita ndani ya programu zenye uwezo mkubwa. Unaweza kupanga orodha kwa tarehe ya mwisho, kuficha yaliyokwisha, kuongeza safu ya kwako, kumpa mtunza stoo mwonekano wa vilivyofika na mhasibu mwonekano wa vinavyongoja saini. Ni kazi ya alasiri moja. Lakini nimeona orodha zilizoachwa vilevile zilivyotoka kiwandani: kila ombi ni la haraka, pa jina la mhusika ni patupu, na mahema yaliyokwisha kugawiwa bado yanasomeka "ombi jipya". Nyuma ya kila mstari kuna mtu anayengoja. Inaniuma kwamba hakuna aliyekaa chini kujiuliza nani ataisoma orodha hii, na akishaisoma afanye nini. Kuondoa safu isiyo na kazi kunadai akili kuliko kuiongeza, na fundi wetu hajawahi kuandika neno asilolitumia.

Ufundi huo unatoka mikononi mwetu hata hapa Birere. Vijana waliofungua meza zao jirani naye hupokea komande kwa WhatsApp: picha ya mtindo, sauti ya vipimo, kisha salamu, tangazo la msiba, video, na komande imezama. Umeme na intaneti vilipokatika mwishoni mwa Januari 2025, mzee alikuwa bado na orodha yake mezani. Wao walisubiri simu ziwake. Na hata simu zikiwaka, Jumamosi asubuhi mama anafika kwao kuchukua gauni la harusi ya siku hiyohiyo, na kikwembe chake bado kimekunjwa mfukoni kama alivyokileta. Wateja nao wamebadilika. Zamani waliuliza siku, wakaambiwa, wakaenda zao. Sasa wanatuma "imeisha?" kila kukicha, kwa sababu hawaamini tena kwamba kuna mahali siku yao imeandikwa.