Hongera Watambuzi wa Ndege za Zamani

Hapa Nkololo, wilayani Bariadi, si mbali sana na anga la Serengeti, kwa hiyo nianze na ndege ya huko. Mpe mtambuzi hodari picha iliyofifia ya ndege yenye milia ya pundamilia. Rangi haimbabaishi. Anatazama bawa: limekaa juu ya chumba cha rubani, wala halina nguzo za kulishikilia kama zile za Cessna nyingi. Kisha gurudumu dogo la mkiani. Mwisho herufi za usajili: D-ENTE. Ni Dornier Do 27 ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael alifariki nayo Januari 1959 ilipogongana na tumbusi.

Herufi husema mengi. VR-T ni Tanganyika ya mkoloni, 5H ni Tanzania.

Nawapongeza hasa kwa ukarimu wao. Ukikosea ukaipa jina jingine Dragon Rapide, ile ya mabawa ya ghorofa ambayo East African Airways ilianza nayo 1946, hawakucheki. Utaambiwa, "Hapana ndugu yangu, hebu tazama tena ncha za mabawa," nanyi mtaitazama pamoja.