Kisanduku cha Chai Chenye Kufuli

Hongera wafua fedha wa London wa karne ya 18! Kazi yao inasema hata yale ambayo wenye nyumba wasingeyatamka. Tazama kisanduku cha majani ya chai: kimenakshiwa maua, kisha kikakatiwa tundu la ufunguo. Chai ilikuwa ghali, na watumishi hawakuaminiwa. Mimi tundu hilo hunivutia kuliko maua yote. Bakuli la sukari nalo linang'aa, ilhali sukari yenyewe ilitoka mashamba yaliyolimwa na watumwa huko Karibi. Wanawake nao wamo miongoni mwa wafua fedha hao: Hester Bateman, mjane, alisajili alama yake mwaka 1761 akaendesha karakana hadi 1790. Ukikutana na kijiko chake, kigeuze usome: HB.