Misa ya Guillaume de Machaut na Waimbaji wa Siku Hizi

Nyimbo nyingi tuziimbazo tulizipokea kwa sikio kutoka kwao waliotutangulia. Mwalimu akipotea kidogo, hapakosi mzee wa kwaya wa kumrudisha njiani. Lakini je, wimbo ambao waimbaji wake wote wamelala kaburini tangu miaka zaidi ya mia sita, wala hakuna aliye hai aliyeupokea kwao, waweza kuimbwa tena kama ulivyoimbwa? Wako watu huko Ulaya na Marekani waliotumia maisha yao yote kutafuta jibu la swali hili. Sisi twataka kulipima jibu lao kwa kazi moja tu, maana ashikaye mengi hapimi hata moja. Kazi hiyo ni Misa ya Bikira Maria, iliyotungwa na Mfaransa Guillaume de Machaut.

Machaut alizaliwa karibu na mwaka 1300. Kwanza alikuwa karani wa Yohana, Mfalme wa Bohemia, yule aliyeuawa vitani Crécy mwaka 1346. Baadaye akakaa Reims, akiwa kanoni wa kanisa kuu la mji huo, akafa mwaka 1377. Misa yake yadhaniwa kutungwa katika miaka ya 1360. Ina sehemu sita, nayo ni ya sauti nne. Ni ya kwanza tuijuayo ambayo sehemu zote za kudumu za Misa zilitungwa na mtu mmoja mwenye kujulikana kwa jina. Wataalamu waliochunguza habari za Reims waona kwamba iliimbwa siku za Jumamosi, katika ibada ya kumheshimu Bikira Maria, na kwamba Machaut na ndugu yake Jean, waliozikwa katika kanisa lilo hilo, walitaka wakumbukwe hapo kwa sala baada ya kufa kwao. Basi msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia: kazi hii haikutungwa ili watu waketi na kuisikiliza. Ilitungwa kuwa sehemu ya sala.

Vitabu vya Machaut vipo mpaka leo, vilivyoandikwa kwa mkono kwenye ngozi. Ndani yake tunaona noti, urefu wa kila noti, na maneno. Lakini tukiuliza zaidi, vitabu hunyamaza. Havituambii wimbo uende mbio au polepole. Havituambii sauti ianzie juu kiasi gani, wala kila sauti iimbwe na mtu mmoja au watano. Hata mahali pengine pa kupandisha au kushusha noti nusu hatua hapakuandikwa, kwa sababu mwimbaji wa zamani zile alifundishwa kanuni zake tangu utoto, naye hakuhitaji kuandikiwa alichokijua. Tena chini ya sauti mbili za chini, katika baadhi ya sehemu, maneno ni machache mno kuliko noti. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Wafufuaji wa kwanza waliona maneno yale machache wakasema, "Bila shaka sauti hizi zilipigwa kwa vyombo, hazikuimbwa." Wakati huo ari ya kutafuta vyombo vya kale ilikuwa kubwa. Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alianza mwaka 1919 kutengeneza upya filimbi za mbao za namna ya kale, na mwaka 1925 akaanzisha sikukuu ya muziki wa zamani katika mji wa Haslemere. Katika Brussels, Safford Cape alianzisha mwaka 1933 kundi la waimbaji na wapigaji wa muziki wa kale. Baadaye Thomas Binkley na wenzake wa Munich, katika miaka ya 1960, walikwenda kujifunza kwa wapigaji Waarabu wa Afrika ya Kaskazini. Jambo hili si la kuchekwa. Gambusi ya Wazungu wa zamani ilipata asili yake, hata jina lake, katika udi wa Waarabu, udi ule ule ambao watu wa Unguja huusikia katika taarabu. Na zumari ya pwani yetu ni ndugu wa zumari zilizopigwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Hivyo kwa muda mrefu Misa ya Machaut ilisikika pamoja na vyombo vya kila namna, ikapendeza sana, na watu wakaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kupendeza si ushahidi. Katika miaka ya 1980 Mwingereza Christopher Page na wenzake walichunguza upya maandiko ya wakati ule, wakaonyesha kwamba nyimbo nyingi za namna hii ziliimbwa kwa sauti za watu peke yake. Tangu hapo wengi waliacha vyombo. Angalieni basi: noti ni zile zile, ngozi ni ile ile, lakini wimbo uliotoka ni mwingine kabisa. Mtu aliyenunua santuri ya mwaka 1956 na mtu aliyenunua ya mwaka 1989 waliambiwa wote wawili kwamba wanasikia mambo ya kale.

Hebu sasa tupime namna tatu za kuiimba Misa hii, zote zilizohifadhiwa katika santuri na kusikika mpaka leo.

Ya kwanza ni ya Andrew Parrott na kundi lake la Taverner, ya miaka ya 1980. Yeye hakuziimba sehemu sita zikifuatana kama shanga katika uzi. Alizirudisha mahali pake katika ibada, akatia kati yake nyimbo za Kigregori zipasazo. Msikilizaji hungoja. Kati ya sehemu moja na nyingine husikia sauti moja tu ya wimbo wa kale, na sauti nne zinapoingia tena huzipokea kama mtu atokaye gizani akaona taa. Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini Machaut aliijenga sehemu ya kwanza juu ya wimbo wa Kyrie uliojulikana na watu wote wa kanisa lake: alitaka jambo jipya lisimame juu ya msingi wa zamani.

Ya pili ni ya Hilliard Ensemble, iliyoongozwa na Paul Hillier, nayo ilitoka mwaka 1989. Waimbaji ni wachache, sauti zao ni safi, kila mmoja husikika bila kumfunika mwenziwe. Katika Gloria, jina la Yesu Kristo linapotajwa, Machaut alisimamisha mwendo wote wa wimbo juu ya noti ndefu. Na katika Kanuni ya Imani alifanya vivyo hivyo palipotajwa kuzaliwa kwake Yesu na Bikira Maria. Waimbaji hawa huzishika noti hizo zikasimama kama nguzo za mawe. Hatujui namna iliyo bora kwa mtu atakaye kusikia kila alichokiandika Machaut. Lakini usafi ule wa sauti umetoka wapi? Umetoka katika kwaya za makanisa makuu na vyuo vya Uingereza, ambako watoto hufundishwa hivyo tangu udogo. Ni uzuri wa kwao na wa wakati wao. Huenda watu wa Reims wangaliupenda. Huenda wangaliuona kama uji usiotiwa chumvi.

Ya tatu ni ya Marcel Pérès na kundi lake la Organum, ya miaka ya 1990. Huyu aliwaita waimbaji wa kisiwa cha Corsica, ambao nyimbo zao za kanisa walizipokea kwa wazee wao. Sauti ni nzito, hutetemeka, hupanda na kushuka pembeni ya noti kama mvuke juu ya chungu. Mtu aisikiapo mara ya kwanza aweza kukasirika. Hata hivyo Pérès ana hoja: Jerome wa Moravia, aliyeandika Paris katika karne ya 13, aliwafundisha waimbaji jinsi ya kuzipamba noti, kwa hiyo anayeimba noti tupu labda ndiye aliyepunguza. Kosa la namna hii ni lingine. Machaut alipanga kwa makusudi sauti zake zigombane na kupatana, na pambo likizidi hatuwezi kutambua ugomvi upi ni wake na upi ni wa mwimbaji. Tena, mapokeo ya wazee wa Corsica ya leo si mapokeo ya Reims. Kati yake pana bahari na miaka mia sita, na mapokeo yaliyo hai hubadilika kwa sababu yanaishi.

Ikiwa twalazimishwa kuchagua, twachagua ile ya Parrott, nasi tutasema sababu. Hillier na Pérès wote wawili walijitahidi sana katika jambo ambalo ushahidi wake ni haba kuliko wote, yaani rangi ya sauti ya watu waliokufa. Parrott alijitahidi hasa katika jambo ambalo ushahidi wake upo: utaratibu wa ibada. Vitabu vya ibada vya zamani zile havikupotea. Alijenga palipo na mwamba.

Mtaalamu wa Marekani Richard Taruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliwashambulia wafufuaji hawa, akisema kwamba waliloliita la kale ni matamanio ya karne ya 20 yaliyovaa nguo za zamani. Daniel Leech-Wilkinson naye, mwaka 2002, aliandika kitabu kizima kuonyesha jinsi wataalamu walivyojiundia muziki wa kale, kila kizazi kwa namna yake. Twakubali kwamba maneno yao ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Lakini hatukubali kwamba kwa sababu hiyo kazi yote ni bure. Mtu asiyeweza kumfufua babu yake aweza angalau kuisoma barua yake kwa uangalifu, asimtie kinywani maneno asiyoyasema.

Kwa hiyo neno tunalolikataa ni moja tu, nalo ni "halisi", linapopigwa chapa juu ya santuri ili liuzwe. Neno hilo ni ushahidi, na shahidi asemaye zaidi ya aliyoyaona ni shahidi wa uongo, hata akisema kwa sauti tamu. Mwimbaji na aseme wazi: hili nimelisoma, hili nimelikisia, na hili nimelipenda mwenyewe. Akisema hivyo, tutamsikiliza kwa furaha hata pale asipotupendeza.

Nasi walimu na waimbaji tuna la kujifunza hapa. Wako miongoni mwetu waziandikao nyimbo za wazee kwa noti na kuziweka kitabuni, wakidhani kazi imekwisha. Noti ni mifupa. Machaut alikuwa mtu mwangalifu kuhusu vitabu vyake, na bado yaliyoachwa bila kuandikwa ndiyo yaliyowasumbua watu kwa miaka zaidi ya mia. Basi aandikaye wimbo leo na aandike pia nani huuimba, siku gani, amesimama au anatembea, ngoma huingia wapi, na mzee hucheka wapi. Wenyewe wangaliko, waulizwe.