Hadaa Yenye Mzizi

Katika mchezo wa poka, hususan ule wa Texas ambao kila mchezaji hushika karata mbili za siri na nyingine tano huanikwa mezani kwa zamu, ipo sanaa moja niitukuzayo kupita zote: kutia dau kubwa kwa mkono usiotimia, ukitaraji mwenzio aachie, nawe, asipoachia, ukiwa ungali na njia ya kumshinda. David Sklansky, aliyeifafanua katika kitabu chake The Theory of Poker cha mwaka 1987, aliiita nusu ya hadaa. Kwangu ni hadaa yenye mzizi.

Tuseme unazo nane na saba za kopa, na mezani pamefunuliwa basha la shupaza pamoja na kumi ya kopa na tatu ya kopa. Kopa nne unaziona; tisa zimefichika miongoni mwa karata 47 usizozijua, na kwa karata mbili zilizosalia, bahati ya kuipata ya tano na kuutimiza mkono ni kama 35 katika 100. Ikiwa mezani pana dola 100, nawe ukazitia 100 zako za mwisho, na mwenye jozi ya mabasha akakufuata, fungu lako katika zile 300 kwa wastani ni 105. Na akikimbia, umechukua zote bila kushindana. Asiye na kitu mkononi angehitaji akimbiwe nusu ya nyakati ndipo asipate hasara.

Hesabu hiyo mtu huihifadhi kwa jioni moja. Miaka huishia katika ilmu ya firasa. Yupo ambaye, kopa mbili zikifunuliwa, huinua pembe za karata zake azitazame upya. Huyo aghalabu hana kopa mbili, maana aliye nazo huzikumbuka, na hofu ya kushindwa na kopa kubwa kuliko zako hupungua. Yupo pia ambaye tangu magharibi hajaachia mkono hata mmoja, hulipa kila dau ili aone tu: huyo usimhadae kabisa, na ukiwa wa mwisho kunena, ipokee karata ya nne bure. Ikipita bila kopa, bahati imeshuka hadi tisa katika 46, na dau lililokuwa la busara dakika moja kabla sasa ni ukaidi.

Lakini mtu akiwa ndiye, na saa ikiwa ndiyo, sarafu za mchezo husukumwa kwa mwendo uleule wa siku zote, mikono ikarudi kutulia juu ya kitambaa, na mwenye basha akaanza kufikiri.