Kuichambua 1,152,958 kwa Kalamu

Namba 1,152,958 ni idadi ya watu wa Mkoa wa Katavi kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Kaya za Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, zimo humo. Makarani waliingiza majibu kwenye vishikwambi, na jumla ikapatikana bila mtu kubeba tarakimu hata moja kichwani. Kasi hiyo ni neema. Lakini ufundi wa kuifungua namba hadi kwenye vigawo vyake tasa, uliokuwa fahari ya daftari la hesabu, umeachwa uote kutu.

Namba yenyewe ni shufwa, hivyo 2 hutoka kwanza na kubaki 576,479. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 38, basi 3 haimo. 5, 7, 11, 13 na 17 nazo hukataa. Kwa 19 kuna njia ya wajuzi: tarakimu ya mwisho hukatwa, huzidishwa kwa 2, kisha hujumlishwa na zilizosalia. 576,479 huwa 57,665, halafu 5,776, halafu 589, halafu 76, ambayo ni 19 mara nne. Hakuna kilichogawanywa bado, na jibu limeshajulikana. Kugawanya huacha 30,341.

Hapo ndipo subira hupimwa. 23, 29 na 31 hazifui dafu. 37 na 41 zote mbili hukosa kwa moja tu, na mwenye haraka huweza kudhani zimefaulu. Wala kazi haiendelei milele. 175 ikizidishwa kwa yenyewe huipita 30,341, na kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Ikishajaribiwa 173 bila mafanikio, shauri limekwisha: 30,341 ni tasa. Simu hulitoa jibu hilo kufumba na kufumbua, na mwenye simu asijue kwa nini ukaguzi ulikomea 173.

Sensa ya 2012, mwaka ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, ilitoa namba laini zaidi: 564,604, yaani 2 × 2 × 17 × 19 × 19 × 23. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha namba za sensa hizo mbili ni 38. Kurudi kwa 19 ni bahati tu, ila ni bahati isiyoonwa na asiyechambua.

Idadi ya taifa ya 2022, 61,741,120, ina kigawo tasa 641. Kwa 641 hiyohiyo, mwaka 1732, Leonhard Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297, ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa, inagawanyika. Hakuwa na kikokotoo.

Vigawo na namba tasa bado hufundishwa shule za msingi, mara nyingi kwa mifano midogo kama 36 na 48. Walimu wa Misunkumilo wanayo 1,152,958. Wawape wanafunzi waichambue kwa kalamu.