Darasa la Kwanza si la Kila Mwalimu

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukusomea ukurasa mzima wa kitabu bila kuijua hata silabi moja. Ameusikia ukisomwa jana na juzi, ameushika kichwani, na picha ya kuku iliyo juu inamkumbusha pa kuanzia. Anapitisha kidole chini ya mistari, sauti haitetereki, na mgeni akipita mlangoni atasema huyu amekwisha kujua kusoma. Mwalimu anayeijua kazi yake hamkatizi. Anamwacha amalize, anafunika picha kwa kiganja, kisha anagusa neno moja lililo katikati ya mstari na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na hapa?" Mtoto akinyamaza, mwalimu naye hasemi kitu. Amejua pa kuanzia naye kesho, na jirani yake wa dawatini hakugundua lolote.

Mimi huwahusudu mafundi wa kila aina, lakini sijaona ufundi unaofanyika kimya kimya kama huu. Tunauita kufundisha KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na jina hilo linataja nusu tu ya kazi. Mtoto wa miaka sita au saba anapoingia darasani analeta pia hofu zake, ubabe wake, njaa yake na namna alivyozoea kuongeleshwa nyumbani. Mwalimu mahiri hasubiri hayo yatulie ndipo aanze somo. Anafundisha herufi, tabia na kuishi na wenzake kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa tendo moja.

Ili kuupima ufundi huo, tazama muda alio nao. Tanzania ilianza kutumia mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, na mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, watoto walimiminika shuleni. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini shule nyingi za serikali huweka wengi zaidi ya hapo katika chumba kimoja. Kipindi cha nusu saa ukikigawa kwa watoto 45, kila mmoja anapata sekunde 40. Wakiwa 90, ni sekunde 20. Ndani ya sekunde hizo ndimo mwalimu anamojua nani ameelewa, nani anaigiza, nani hasikii vizuri na nani hajala tangu jana.

Kiswahili kinamsaidia. Kinasomwa kama kinavyoandikwa, hivyo mtoto akishika irabu tano na akajua kuziunganisha na konsonanti, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Lakini urahisi huo una mtego wake. Darasa likishika mwendo wa ba, be, bi, bo, bu, hugeuka wimbo, na katika wimbo asiyejua hujificha nyuma ya anayejua. Darasa zima linaitikia, chumba kinatetema, na watoto ishirini hawautazami hata ubao. Mwalimu mahiri anauacha wimbo uimbwe, maana unawapa ujasiri, kisha anauvunja. Kijiti chake kinaruka: bu, halafu be, halafu bo. Sauti zinapungua ghafla. Hatafuti wa kumnasa. Anawatazama midomo, na kwa kutazama hivyo anawafahamu wale wanaochelewa nusu sekunde, wanaosubiri wenzao waanze ndipo wafuate. Hao ndio atakaopita kwenye madawati yao watakapokuwa wanaandika.

Kwenye kuhesabu, tazama vijiti. Mezani kuna vijiti, na kumi vikifungwa kwa mpira vinakuwa fungu moja. Ishirini na tatu ni mafungu mawili na vijiti vitatu vilivyo huru. Sasa mwalimu anasema toa saba. Mtoto anashika vile vitatu, vimekwisha, na bado vinatakiwa vinne. Anatazama mafungu. Anamtazama mwalimu. Mwalimu anaangalia dirishani makusudi. Kitambo kinapita, kisha mtoto anaufungua mpira, vijiti vinamwagika mezani, na hapo amefahamu kutoa kwa kuchukua kutoka makumi, jambo ambalo mdomo wa mtu mzima usingemweleza akalielewa. Kujua kunyamaza wakati huo ni kazi ngumu. Mtu asiye mwalimu angekwisha kumfungulia.

Tena vijiti hivyo huwa vya watu watatu. Mmoja anahesabu, mmoja anafunga, mmoja anaandika, kisha wanabadilishana. Aliyezoea kunyang'anya anajifunza kwamba fungu halifungiki akivishika vyote peke yake, na aliye mpole kupita kiasi anakuta kazi haiendi mpaka aseme "zamu yangu". Hakuna aliyehubiriwa adabu hapo, na bado adabu imefundishwa.

Kipimo kikubwa cha ufundi huu, kwangu mimi, ni mtoto anayepiga wenzake. Karibu kila darasa lina mmoja. Anasukuma, anavunja penseli za watu, anatukana, na jina lake linajulikana hadi ofisini. Njia fupi inafahamika. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 bado zinaruhusu kiboko, ingawa si zaidi ya viboko vinne, na mpigaji awe mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kenya ilikwisha kukiondoa shuleni mwaka 2001. Lakini hata kanuni ingeruhusu nini, mwalimu ninayemsifu anauliza swali la awali zaidi: mtoto huyu anapiga wenzake lini?

Basi anachunguza. Wakati wa michezo mtoto hapigi mtu. Wakati wa kuchora ametulia. Kipindi cha hesabu ana vurugu kidogo tu. Vurugu kubwa inazuka kipindi cha kusoma, na inazuka pale zamu ya kusoma kwa sauti inapokaribia dawati lake. Hapo mwalimu anaelewa. Mtoto huyu hajui kusoma, na ameona ni heri aitwe mkorofi kuliko aitwe mjinga. Mkorofi anaogopwa, mjinga anachekwa. Kwa umri wake amefanya uamuzi wenye akili kabisa, na kiboko kingemthibitishia tu kwamba alichagua vizuri, maana kingemtoa mbele ya kitabu.

Tiba anayompa haina makelele. Kabla ya kengele ya asubuhi, mtoto huyu anapewa kazi ya kupanga madaftari, na anapopanga, mwalimu anakaa naye dakika chache juu ya mstari mmoja wa kitabu. Mmoja tu. Wanaurudia mpaka mtoto anaweza kuusoma hata ukianzia mwisho. Siku inayofuata, zamu ikifika kwake, mwalimu anamwomba asome mstari huohuo. Anausoma. "Mpigieni makofi ya kilo!" Darasa linapiga. Si kwamba kuanzia siku hiyo ameacha ubabe. Wiki hiyohiyo atamsukuma mtu bombani. Lakini amepata njia nyingine ya kuonekana, na kila mstari mpya unampunguzia haja ya ngumi. Makofi hayo nayo yana kanuni darasani humu: anayejaribu akakosea hupigiwa sawa na anayepatia, na anayemcheka mwenzake hupewa kazi ya kumsaidia neno hilo hadi alijue.

Saa ya mapumziko wengi wetu tungekimbilia chai. Mwalimu huyu anasimama kidogo kwenye kivuli na kutazama uwanja. Wasichana wanacheza rede, na anaona nani kila siku haitwi upande wowote. Pembeni kuna shimo la mdako: mtoto anarusha jiwe juu, anakomba kokoto shimoni, analidaka jiwe kabla halijatua, kisha anarudisha kokoto zote isipokuwa moja. Mchezo huo unataka kuhesabu kwa jicho, kusubiri zamu na kukubali kuwa umekosa. Yule ambaye darasani anaambiwa hajui kutoa, hapa anajua hasa kokoto ngapi zimebaki. Mwalimu anayaweka hayo akilini. Wakirudi ndani, asiyeitwa kwenye rede anajikuta ameketi na msichana anayependwa na wengi, na bingwa wa mdako anaombwa aje ubaoni aoneshe hesabu kwa kokoto zake.

Kwa nini basi nasema darasa hili si la kila mwalimu? Kwa sababu Januari inapofika na madarasa yanagawanywa, mara nyingi shule huwapeleka walimu wake hodari kwenye madarasa ya mitihani ya taifa, darasa la nne na yale ya mwisho. Huko ndiko shule inakopimwa, huko ndiko pongezi zinakotoka. La kwanza huachiwa mgeni aliyetoka chuoni majuzi, au yule ambaye hakuna aliyejua ampe nini. Tunasema watoto bado wadogo, yeyote atawaweza. Ukweli ni kwamba mtoto mkubwa anaweza kunusurika kwa mwalimu dhaifu, kwa sababu anajua kusoma na atajisomea. Mdogo hana pa kujinusuru. Asipofundishwa kusoma atafika darasa la nne akinakili ubaoni maumbo asiyoyaelewa, na akiaibishwa mapema atajifunza kukaa kimya kwa miaka yote iliyobaki, hata atakapokutana na mwalimu bora wa sayansi mkoani.

Tena ufundi huu haumrudishii fundi jina lake. Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yakitoka, watatajwa waliofundisha darasa la mwisho, na ni haki yao. Aliyefunika picha kwa kiganja miaka mingi nyuma hatajwi, na pengine amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Kwa hiyo sifa yake lazima itolewe na wanaomwona sasa. Mwalimu mkuu anaweza kuanza kwa kumpa mtu wake bora darasa la kwanza na kumwacha huko akomae, badala ya kumpandisha kila anapoonekana kuwa hodari. Mzazi naye, akipita shuleni, asiulize tu mwanangu amekuwa wa ngapi. Aulize: anakaa na nani, anacheza na nani, na anaponyamaza hunyamaza kwa nini? Mwalimu anayestahili darasa hilo atakuwa na majibu ya yote matatu, na akiyatoa, mzazi amshukuru kwa kumtaja jina mbele ya wenzake.