Chuma Hakihongeki

Tommy Kono alipofariki huko Honolulu tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka 85, Isiolo hapakutandikwa jamvi. Mji ulikuwa na shughuli zake: malori ya Moyale, soko la mifugo, vumbi la alasiri ambalo kila mwenye duka hapa hulilaani na hakuna anayelizuia. Jina la Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyenyanyua vyuma kabla wengi wetu hatujazaliwa, lingepitia wapi hata litufikie?

Hata hivyo warithi wake tunao, ingawa wenyewe hawajui kwamba wamerithi. Pita nyuma ya maduka ya Bulla Pesa jua likianza kulegea. Utakuta kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati, na ndani yake bomba la maji lililogeuzwa kuwa chuma cha kunyanyulia. Kila ncha imechomekwa mkebe wa rangi uliojazwa simiti, na uzani umeandikwa kwa chaki, kwa kukisia. Benchi ni mbao mbili na misumari. Vijana wamevua mashati, wanapokezana zamu, mmoja amekaa juu ya jerikeni akisimamia muziki wa simu. Nawapenda vijana hawa. Katika mji ambao kijana asiye na kazi ana mahali pengi pa kupotelea, wao wamechagua jasho.

Lakini tazama namna wanavyonyanyua. Kijana anainama, mgongo unapinda, anavuta bomba kwa mikono na hasira, magoti yanagongana, wenzake wanapiga kelele za kumtia moyo na simu inarekodi. Bomba linafika juu, ndiyo, na shangwe zinafika pamoja nalo. Katika kiwanja kile pana simiti, pana muziki, pana nguvu za ujana zisizo na idadi. Asiyekuwepo ni mtu mmoja tu, yule wa kusema: kiweke chini, uanze upya.

Ndiyo maana namkumbuka Kono.

Alizaliwa Sacramento, California, mwaka 1930, mtoto mwembamba aliyesumbuliwa na pumu. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Marekani, serikali iliwakusanya watu wa asili ya Kijapani zaidi ya laki moja, wengi wao raia waliozaliwa palepale, ikawapakia na kuwafungia katika kambi za nyikani. Familia ya Kono ilipelekwa Tule Lake, kaskazini mwa California, ilipokuwa zamani sakafu ya ziwa, mahali pakavu penye upepo na vumbi, katika mwinuko usiotofautiana sana na huu wa mji wetu. Kufikia kilele chake kambi ile ilikuwa na watu zaidi ya 18,000 nyuma ya seng'enge. Mtoto aliingia akiwa na miaka 12, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu.

Msomaji wa Isiolo hahitaji kuelezwa kambi ni nini. Wazee wa Kiborana wanakiita kipindi chetu Gaf Daba: miaka ya vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, ambapo watu walikusanywa Garbatulla, Merti na Modogashe, wakahesabiwa kuingia na kutoka, na mifugo yao ikafa kwa kukosa wa kuipeleka malishoni. Hadithi hizo tumezisikia zikisimuliwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi zikiishia katikati. Tunajua kwamba anayefungiwa ndani ya ua hupokonywa mengi kabla ya kupokonywa uhai, na la kwanza ni kazi ya mwili wake mwenyewe. Mfugaji asiye na ng'ombe wa kunywesha, mikono yake huuliza imekosa nini.

Huko Tule Lake, majirani wa kambini walimwonyesha yule mtoto mgonjwa vyuma vya mazoezi. Alikuwa na miaka kama 14. Hewa kavu ya nyika ilimpunguzia pumu, na vyuma vikampa kitu cha kufanya ambacho mlinzi wa lango hakuweza kukizuia. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko medali zake zote. Mahali palipojengwa ili kuwafanya watu wajione si kitu, kulikuwa na jirani aliyemchukua mtoto wa mwenzake, akampa uzito, akamwonyesha namna ya kuushika. Jirani huyo hakuwa na cheti wala mshahara. Bila yeye, dunia isingemjua Kono.

Yaliyofuata yako katika kumbukumbu za michezo, nami nitayapitia haraka. Aliingia jeshini wakati wa vita vya Korea. Mwaka 1952 alishinda dhahabu ya Olimpiki huko Helsinki katika uzani wa kilo 67.5. Mwaka 1956 huko Melbourne alishinda tena, safari hii katika uzani wa kilo 82.5, akinyanyua jumla ya kilo 447.5 katika mitindo mitatu iliyokuwepo enzi hizo. Roma mwaka 1960 alipata fedha. Alikuwa bingwa wa dunia mara sita, akavunja rekodi za dunia 26, tena katika madaraja manne tofauti ya uzani, kwa sababu alikuwa tayari kula au kujinyima ili ajaze pengo popote timu yake ilipopungukiwa. Katikati ya hayo alishinda taji la Mr. Universe mara tatu, ingawa kwake umbo zuri lilikuwa chenji iliyobaki baada ya kununua kitu kingine.

Kitu hicho kingine ndicho ninachotaka kukisifu.

Mtazame mnyanyuaji aliyefunzwa. Chuma kiko chini. Nyayo zimepangwa upana wa nyonga, chuma kikikaribia kugusa miundi. Kidole gumba kinaizunguka baa kwanza, kisha vidole vingine vinakuja kukifunika. Hushikwa hivyo hata kikiuma, kwa maana mkono ulioshika hivyo haufunguki. Mgongo umenyooka, kifua kiko mbele, mikono haijakunjwa hata chembe. Anavuta pumzi na kuizuia. Kisha inakuja sehemu ambayo mtazamaji haioni: miguu inaisukuma ardhi. Mikono haina kazi bado, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa mkono una kiherehere, unataka kuvuta kabla ya zamu yake. Aliyefunzwa huungoja. Chuma kinapanda polepole hadi kipite goti, na hapo mwili wote unafyatuka, visigino vinanyanyuka, mabega yanapanda.

Halafu, kufumba na kufumbua, mtu ameshuka. Hakukivuta chuma hadi juu ya kichwa chake; alikipandisha kiasi tu, kisha yeye mwenyewe akaingia chini yake na kukipokea, amechuchumaa, mikono imenyooka. Enzi za Kono wengi walikuwa wakipokea kwa kutanua mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Yeye alikuwa wa kuchuchumaa, njia inayodai nyonga laini, kifundo cha mguu kisichokaidi na moyo usioogopa kukaa chini ya mzigo. Mwenye misuli mikubwa na asiyejua kushuka hushindwa na mwembamba anayejua. Chuma hakiulizi wewe ni mtoto wa nani, wala hakihongeki. Ukikosea kidole kimoja, kinarudi chini.

Waliomwona jukwaani wanasimulia zaidi juu ya macho yake kuliko mikono yake. Alitulia. Alisimama mbele ya chuma kama mtu anayesikiliza, na hakukigusa mpaka amalize jambo fulani ndani yake. Mpinzani wake Mrusi, Fyodor Bogdanovsky, alikiri kwamba Kono alipomtupia jicho kutoka pembeni alijihisi sungura mbele ya chatu. Na mwaka 1961 huko Vienna, miongoni mwa waliomtazama alikuwamo mvulana wa Kiaustria aitwaye Arnold Schwarzenegger, ambaye baadaye alijulikana kuliko mwalimu wake huyo wa mbali.

Magoti yalipomsumbua, Kono alitengeneza mikanda ya mpira ya kuyapasha joto na kuyashika, na leo hakuna jimu kubwa duniani isiyo na wajukuu wa mikanda ile. Alifundisha timu ya Mexico kwa ajili ya Olimpiki ya 1968, Ujerumani Magharibi kwa ile ya 1972, na Marekani kwa ile ya 1976. Mwaka 2005 shirikisho la dunia la mchezo huo lilimtangaza mnyanyuaji wa karne. Pamoja na sifa zote hizo, kwa miaka mingi riziki yake aliipata katika idara ya bustani na viwanja vya umma ya Honolulu. Bingwa wa dunia, mtumishi wa baraza la mji. Akaandika vitabu vya kufundishia, akazeeka akiwasahihisha vijana.

Nasi tulikuwa na wasahihishaji. Wasamburu wanaochimba visima katika mito mikavu, na Waborana wenye visima virefu, walijua kunyanyua kabla ya jimu yoyote kufika Kaskazini. Watu husimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, ndoo ikapanda kutoka mkono hadi mkono, na wimbo ndio unaopanga mwendo. Aliye chini hujaza, wa kati hupokea na kutupa kwa pigo moja, wa juu humimina kwenye birika, na ndoo tupu inarudi njia ileile huku iliyojaa ikipanda. Mwenye nguvu nyingi na asiyefuata wimbo humwaga maji, na maji yakimwagika ng'ombe hangojei maelezo. Kijana mgeni huanzia mahali pepesi, chini ya macho ya wakubwa, na hupandishwa cheo mwili wake ukishaelewa. Miaka michache ya hivyo ilimpa mgongo ambao hakuna benchi la mbao litakalompa.

Visima vingi sasa vina pampu, na simlaumu yeyote; mama aliyetembea tangu alfajiri na punda wake hahitaji ushairi wangu. Lakini tulipoiweka pampu, tulimwondoa pia yule mkubwa aliyesimama ukingoni akitazama, na hatukumtafutia mahali pengine pa kusimama.

Siku moja nilimwona mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu kwa mwendo na kwa kofia yake, akisimama penye kile kiwanja cha mabati. Mji wa kambi za jeshi kama huu haukosi watu wa aina hiyo. Alitazama kidogo, akashindwa kuvumilia.

"Kijana wangu, huo mgongo ni wa kukutumikia mpaka uzeeni. Toa hiyo mikebe, shika bomba tupu."

"Bomba tupu, mzee? Hiyo si ni ya watoto?"

"Ndiyo. Anzia hapo."

Akainama, akarekebisha miguu ya kijana kwa mkono wake, akamgusa mgongo penye kiuno, akasema: sasa simama kwa miguu, mikono iache. Bomba tupu likapanda bila kelele. Rudia. Likapanda tena, sasa likiwa karibu na mwili. Rudia. Wenzake walicheka kwanza, kisha wakachoka kucheka, kisha wakarudi kwenye simu zao, kwa sababu bomba tupu halirekodiki. Hakuna atakayeitazama video ya mtu akinyanyua hewa. Mzee aliagana nao kwa adabu na akashika njia ya msikiti.

Hapo ndipo tulipofika. Jimu zimeongezeka, hata za vioo na mashine zinazong'aa, na kila moja ina bango la mtu mwenye kifua cha kutisha. Kuna unga wa mkebe wa kujaza mwili na kuna sindano za njia ya mkato zinazouzwa kwa kunong'onezana. Kuna mikono minene juu ya miguu ya korongo. Mwalimu ndiye aliyepunguzwa kwenye bajeti, akabadilishwa na kioo. Kioo kitakuonyesha ulivyo leo, lakini hakiwezi kukugusa mgongo. Na asiyefunzwa na mwalimu atafunzwa na uti wake wa mgongo, akiwa na miaka arobaini, mbele ya gunia la mahindi asiloweza kulipakia.

Serikali za kaunti hupenda kuzindua viwanja, kukata utepe, kupiga picha. Kiwanja ni jambo jema. Lakini sijasikia ufunguzi wa mwalimu: mtu anayelipwa ili asimame penye vumbi kila alasiri akiwaambia watoto wa wengine waanze upya. Honolulu ilimweka bingwa wa dunia katika idara ya viwanja vya umma. Sisi tuna wastaafu wa jeshi, wachimba visima wa zamani, mabondia wa mitaa na wapakiaji wa malori waliobeba magunia kwa miaka mingi bila kuumia, na wote hao tunawapita barabarani kwa salamu tu.

Kono alifundishwa na jirani ndani ya kambi ya wafungwa, akafundisha mpaka uzee, akafa ameacha vitabu na wanafunzi. Wetu wanazikwa pamoja na walichokijua. Tunahudhuria, tunasoma dua, tunasema alikuwa mtu wa nguvu sana, na hatujawahi kumuuliza alizipataje. Kila mazishi ya aina hiyo ni shule iliyofungwa, na vijana wa Bulla Pesa wanaendelea kuongeza simiti kwenye mikebe.